Binamu yake Texas anapewa barua za kale, binti yangu anakariri "umuhimu wa": je, wanasoma somo moja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Nyegezi, Mwanza. Binti yangu ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Mdogo wangu wa kiume anaishi Texas, Marekani, na mwanawe yuko darasa la saba huko. Juzi watoto walikuwa wanaongea kwa simu ya video, yule kijana akamwonyesha binti yangu kazi aliyopewa shuleni: barua mbili za zamani kuhusu vita moja, aeleze ipi inaaminika zaidi na kwa nini. Binti yangu naye akafungua daftari lake la Historia: maana, aina, umuhimu, faida, hasara. Je, hawa wanasoma somo moja? Huku kwetu wanajifunza nini hasa zaidi ya kukariri? Na nimlipie tuisheni? Jirani yangu anasema Historia na Jiografia hazina haja ya tuisheni, ni masomo ya kusoma usiku wa kuamkia mtihani.

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na jirani yako, maana ushauri huo umeshaponza wengi. Usiku mmoja unatosha kabisa kama lengo ni kuyabeba majina na miaka hadi kesho yake saa nne asubuhi. Mtoto anaingia, anamwaga kwenye karatasi, anatoka mtupu. Kidato cha kwanza mbinu hiyo bado inalipa. Akifika kidato cha tatu, swali likimtaka aeleze kwa nini jambo lilitokea huku kanda ya ziwa na si kwingine, hapo inamwacha njia panda.

Sasa la Texas. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa; kila jimbo linapanga lake. Kwa Texas, darasa la sita wanasoma tamaduni za dunia. La saba ni historia ya Texas yenyewe: wenyeji wa asili, Wahispania, enzi ya Meksiko, vita vya kujitenga vya mwaka 1836, hadi kujiunga na Marekani mwaka 1845. La nane ni historia ya Marekani hadi mwaka 1877, na mwisho wa mwaka huo kuna mtihani wa jimbo, kwa hiyo usidhani huko hawakariri. Ukihamia California, darasa la sita lilelile linasoma Mesopotamia, Misri na Ugiriki ya kale. Mpwa wako basi anajua mengi ya Texas, na sitashangaa akiwa hajui Kagera iko upande gani wa dunia.

Hata kuzunguka ziwa letu hili mambo hayafanani. Uganda, Maarifa ya Jamii ni moja ya karatasi nne za mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kenya wanalifundisha kama somo moja hadi gredi ya tisa, tangu shule za sekondari za chini zilipoanza kupokea gredi ya saba Januari 2023. Hapa kwetu binti yako alisoma Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili akiwa msingi. Kama ana wadogo walioanza darasa la tatu mwaka 2024 au baada ya hapo, wao wako kwenye mtaala ulioboreshwa wa 2023: Historia ya Tanzania na Maadili, pamoja na Jiografia na Mazingira. Sekondari somo linapasuka vipande, na vingi vya vipande hivyo vinahamia Kiingereza. Hilo la lugha nitalirudia, kwa sababu naona ndilo linalomsumbua binti yako kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo ndiyo, uwanja ni mmoja. Kote huko mtoto wa miaka 11 hadi 14 anatakiwa atoke akiweza kusoma ramani na kupima juu yake, kutenganisha chanzo na matokeo, kujua habari imetoka kwa nani na aiamini kiasi gani, kuelewa nani anaamua nini katika nchi na mwananchi afanye nini asiporidhika, na kufuatilia bidhaa tangu inapozalishwa hadi inapoliwa. Daftari la binti yako lina mambo hayo yote ndani yake. Tatizo ni kwamba yamekaushwa. Na simlaumu mwalimu wake. Darasa likijaa kuta hadi kuta, kumpa kila mtoto barua mbili za kale na kusoma maelezo ya kila mmoja ni ndoto. Ila wewe una mtoto mmoja mezani, na unakaa Mwanza, ambako nusu ya silabasi iko nje ya dirisha.

Anza na atlasi. Fungueni ramani ya Afrika Mashariki, mlitazame Ziwa Victoria. Mpaka wetu na Uganda unakata maji kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, kutoka juu kidogo ya Shirati upande wa Mara hadi jirani na Mutukula upande wa Kagera. Muulize: huu mstari ni nini? Akifuata namba za pembeni ataona ni latitudo ya digrii 1 kusini. Jiji la Mwanza liko karibu digrii 2 na nusu kusini. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo kutoka mjini kwenda kaskazini moja kwa moja hadi mpakani ni kama kilomita 167. Baada ya hapo achukue rula, apime umbali huohuo kwenye karatasi, azidishe kwa skeli iliyoandikwa chini ya ramani. Majibu mawili yakikaribiana, vizuri. Yakipishana sana, usimwambie amekosea wapi. Mwache atafute mwenyewe. Dakika kumi za kutafuta kosa hilo zitamfundisha skeli kuliko ukurasa mzima wa "aina tatu za skeli".

Mstari huohuo ukiugeuza kidogo unakuwa Historia. Aliyeuweka si mvuvi wa Ukerewe wala wa visiwa vya Ssese kule Uganda. Ni Uingereza na Ujerumani, kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, uleule ambao Ujerumani iliikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza na yenyewe ikapata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Mstari wa nchi kavu kati yetu na Kenya ulikuwa umeshapatanwa mwaka 1886. Mtoto anayesoma kugawanywa kwa Afrika kama orodha ya mikataba anachoka upesi. Mwonyeshe mkataba mmoja kati ya hiyo ukipita juu ya maji anayoyaona kila siku, ataanza kuuliza maswali ambayo huna majibu yake. Msiogope hilo.

Sasa fuateni mpaka kwenda magharibi. Mto Kagera unashuka kusini ya mstari, unapita Kyaka, halafu unapanda tena na kuingia ziwani upande wa Uganda. Kati ya mto na mstari kimebaki kipande cha nchi, chetu, ambacho kipo ng'ambo ya mto. Hicho ndicho majeshi ya Idi Amin yalikivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, naye akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Binti yako akikiona kipande hicho kwa macho yake, sababu za Vita vya Kagera zinaacha kuwa namba moja hadi sita za kukariri. Ataelewa kwa nini daraja la Kyaka lilikuwa na uzito, na kwa nini mpaka uliochorwa Ulaya ulipiganiwa na watu wasiokuwepo ulipochorwa.

Na kwa kuwa samaki hafuati digrii, hapo Uraia nao unaingia. Karibu nusu ya ziwa iko Tanzania, Uganda wana pungufu kidogo ya hapo, Kenya kama asilimia 6. Mmoja akivua kwa nyavu haramu, wote wanakosa. Ndiyo sababu nchi hizi tatu ziliunda taasisi ya pamoja ya uvuvi wa Ziwa Victoria mwaka 1994, makao yake yakiwa Jinja. Ushirikiano wa kikanda, mada ambayo watoto wengi huimba vifupisho vyake bila kujua vinafanya nini, unaanza kueleweka ukiutazama kutokea ufukweni.

Kuhusu longitudo nitakuwa mfupi. Mwanza iko karibu digrii 33 mashariki, Dar es Salaam zaidi kidogo ya 39. Kila digrii ni dakika nne za jua, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya la Dar kwa kama dakika 25, ingawa saa za ukutani ni zilezile. Kama mna majirani Waislamu, waombeni ratiba ya Ramadhani: futari ya Mwanza haiwi wakati mmoja na ya Dar, na sasa atajua kwa nini. Au asimamishe kijiti uani siku ya jua kali na kuweka alama ya kivuli kila baada ya robo saa. Kivuli kifupi kuliko vyote hakitapatikana saa sita kamili ya mchana. Kitakuwa karibu saa saba kasoro robo, mbele au nyuma kidogo kutegemea mwezi.

Nije kwenye zile barua mbili, kwa sababu nadhani ndizo zilizokuuma. Kazi ya namna hiyo ina mada yake kabisa huku kwetu, tena inafundishwa mapema kidato cha kwanza: vyanzo vya historia. Masimulizi, maandishi, mabaki ya kale, makumbusho, lugha. Binti yako bila shaka anayo orodha hiyo pamoja na faida na hasara za kila kimoja. Kilichokosekana ni kuvitumia. Na Mwanza ina mfano unaotamaniwa na walimu wa historia popote.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka kwenye vilima vya huku Mwanza. Aliona ghuba na visiwa, hakulizunguka, akaondoka akidai kwamba amekiona chanzo cha Mto Nile, na akalipa ziwa jina la malkia wake. Mwenzake wa safari, Richard Burton, alikuwa amebaki Kazeh, yaani Tabora, akiugua. Hakukubali. Speke alirudi na mwaka 1862 akayaona maji yakitoka ziwani pale Jinja, lakini ubishi haukuisha; alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwezi Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alishusha mashua yake Kagehyi, upande huu wa kwetu, akalizunguka ziwa zima na kuthibitisha kuwa ni ziwa moja kubwa, si madimbwi kadhaa.

Sasa usimuulize binti "nani aligundua Ziwa Victoria". Muulize hivi: siku ile ya Agosti 1858, Speke alijua nini na alikisia nini? Burton alikuwa na sababu gani ya kupinga, ya kisayansi na ya wivu? Nani hajaulizwa katika ubishi wote huo? Kwa swali hili la mwisho kuna jambo atalipenda: wasafiri hao walielezwa habari za ziwa na wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh kabla hawajaliona, na wavuvi wa mwambao walikuwa wakilipita kila siku. Hapo kijana wa Texas na barua zake hamshindi kwa lolote.

Zoezi jingine la namna hiyo halihitaji kitabu. Atafute wazee wawili waliokulia ufukweni, bibi yake akiwa mmoja wao kama yupo, na awaulize kila mmoja kwa wakati wake: kabla ya sangara mlikula samaki gani, na sangara mlianza kumwona lini kwa wingi? Majibu yatapishana, na hapo ndipo raha ilipo. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akaja kuenea kwa kishindo miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi mno wakapungua au wakapotea. Aone kumbukumbu za wazee zinakubaliana wapi na hilo na zinaachana wapi. Mtoto aliyefanya kazi hiyo mara moja hawezi kukosa kueleza udhaifu wa masimulizi kama chanzo, na wala hatahitaji kuukariri. Siku mkipata nafasi, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora iko Kisesa, barabara ya Musoma. Aingie na maswali mawili matatu aliyoyaandika mwenyewe. Watoto wakienda mikono mitupu wanarudi na picha za simu tu.

Kuna mada moja inayoniudhi ikifundishwa kwa orodha: ushirika. "Umuhimu wa vyama vya ushirika: kwanza, pili, tatu." Wakati mwanzo wake huku Usukuma ulikuwa mizani! Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kilo, wakataka wapimaji wao wenyewe wawepo kwenye vituo vya kununulia. Kutoka kwenye dai hilo dogo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa chini ya shirikisho moja, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Likawa moja ya mashirika makubwa ya ushirika Afrika, na Bomani baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha. Mweleze hadithi hiyo, kisha umwambie atoe mwenyewe huo umuhimu. Atakupa hoja nne bila daftari: kupata kipimo cha haki, kuwa na sauti moja sokoni, kujifunza uongozi, na kuujua ukoloni kwa upande wa mfukoni. Hiyo ya nne sijawahi kuiona kwenye noti za ubaoni, lakini msahihishaji makini ataipa alama.

Uchumi mpelekeni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mara mbili katika mwezi mmoja: wakati wa giza, na tena mbalamwezi ikishajaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwaka wavuvi wengi hupumzika. Aulize bei, aandike, aulize mzigo unakwenda wapi na nani anaulipia usafiri. Inatosha.

Sasa lugha. Darasa la saba binti yako aliweza kueleza mmomonyoko wa udongo kwa maneno yake kwa sababu alikuwa akiwaza na kuandika kwa lugha moja. Mwaka huu anaelezwa jambo hilohilo kwa Kiingereza ambacho bado hakijakaa sawa. Mtoto akifika hapo hufanya jambo la akili kabisa: anakariri sentensi ya mwalimu neno kwa neno, kwa sababu akibadilisha neno moja anaogopa kuharibu yote. Sisi tunaona mvivu wa kufikiri, kumbe anajilinda. Pima mwenyewe. Mwombe akueleze kwa Kiswahili kilichoandikwa kwenye ukurasa wa leo wa Jiografia. Akieleza vizuri, shida yake ni Kiingereza na dawa yake ni kusoma na kuandika Kiingereza zaidi. Akishindwa hata kwa Kiswahili, basi hakuelewa, na kumsomesha noti zilezile mara ya tatu hakutabadili kitu. Mrudishe kwenye atlasi, kijitini, sokoni. Akishaelewa, ndipo aandike sentensi tatu za Kiingereza zake mwenyewe, mbovu hivyohivyo, na amwombe mwalimu amrekebishe.

Usinielewe vibaya kuhusu kukariri. Kuna vitu lazima vikae kichwani: 9 Desemba 1961 (uhuru), 26 Aprili 1964 (Muungano), 5 Februari 1967 (Azimio la Arusha), mikoa, majirani zetu, mito mikubwa. Bila hivyo hana pa kuning'iniza mengine. Ninachokataa ni kukariri sababu na umuhimu, kwa kuwa hivyo hutolewa kwa kufikiri.

Tuisheni, basi. Kama kipimo cha hapo juu kimeonyesha shida ni Kiingereza, lipia Kiingereza, tena kwa mwalimu anayewaandikisha watoto insha na kuzisahihisha. Tuisheni ya Historia na Jiografia kwa kidato cha kwanza nakushauri usilipe, maana nyingi ninazozifahamu huwapa watoto noti fupi zaidi za kukariri kuliko zile za shuleni. Fedha hiyo nunua atlasi nzuri ya shule, yenye skeli na latitudo zinazosomeka, na uiache sebuleni, isifungiwe kabatini. Kisha nenda shuleni siku ya wazazi, umwone mwalimu wa Jiografia, umuulize swali moja tu: muhula huu watasoma ramani ya eneo gani? Wanafunzi wengi hufika kidato cha pili wakiwa wameiona karatasi halisi ya ramani ya topografia, ile inayoonyesha vilima, mito na barabara za eneo, mara moja au mbili. Akikutajia, omba binti aruhusiwe kuitazama wakati wa mapumziko.

Na wale watoto wawili waacheni waendelee kupigiana simu. Mwambie binti yako amtumie binamu yake picha ya ule mstari wa digrii 1 na amuulize nani aliuchora; naye adai atumiwe ramani ya Texas, aone mpaka wake na Meksiko umefuata nini.